Usafi wa Hamida

Hamida wa Kizota ana ugomvi na vumbi. Hata akiwa msibani, ameketi mkekani na wenzake, macho yake hayatulii mpaka yaone fagio liko wapi. Na Mungu alivyo na mambo yake, akampa kiwanja kinachopakana na gereji ya Gerson. Kiangazi chote oili chafu humwagwa chini pale gerejini, ikachanganyika na udongo, kisha upepo wa Dodoma ukauchukua udongo huo na kumletea Hamida mlangoni. Ni vumbi jeusi linalonuka dizeli, na huingia mpaka kwenye unga.

Basi kila asubuhi alifagia. Alilikusanya, akalisukumia mferejini nyuma ya nyumba, akarudi akimsema Gerson kwa sauti ya kutosha kufika gerejini. Gerson alimwamkia kwa heshima na kuendelea na injini yake.

Mwaka jana, jua likiwa kali, binti mmoja wa chuo aitwaye Erica alikuja kuchota udongo wa uwanjani kwa Hamida kwa ajili ya utafiti wake. Alipoupima akasema una mafuta mengi mno. Mvua zilipokolea akarudi akachota tena, na safari hii akaleta habari njema: mafuta yamepungua sana. Hamida alizunguka na habari hiyo mtaa mzima. Hakuridhika, akaipeleka mpaka gerejini, akamwambia Gerson kwamba uwanja wake umepimwa na wasomi ukaonekana msafi.

Gerson akafuta mikono kwa tambara. "Hongera, mama," akasema. "Lakini mafuta hayayeyuki kama chumvi. Kama kwako hayapo, yamekwenda wapi?"

Hamida alimwona mjinga, akaondoka. Ila swali halikumwacha. Aliinjika chai akaisahau ikakauka. Alikaa, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kuutazama mfereji, akarudi, akaenda tena. Mvua iliyofuata ilipoanza kunyesha alijitanda khanga akaufuata mfereji wenyewe. Maji yalikuwa yakimetameta rangi rangi juu yake. Yalipita nyuma ya nyumba za watu, yakakata kona kwenye nguzo ya simu, yakaishia kwenye bustani ya Ruthu.

Ruthu ni shoga yake wa miaka mingi, mjane anayelea wanawe kwa kuuza mchicha na chainizi. Kila masika miche yake ya kwanza ilikuwa ikigeuka njano na kufa, naye akimlaumu muuza mbegu. Hamida ndiye aliyekuwa akimfariji, na huyo muuza mbegu walimsengenya pamoja. Masika hayo Ruthu alikuwa amekata tamaa kabisa. Alishasema atairudisha bustani kwa mwenyewe aliyemkodisha, arudi kwa kaka zake Chemba.

Alimkuta ameinama, anang'oa miche iliyokufa. Hamida alisimama ukingoni mwa bustani. Angeweza kugeuka, hakuna aliyemwona.

"Ruthu, muuza mbegu hana kosa," akasema. "Ni mimi. Vumbi lote la gereji ninalofagia nalisukumia mferejini, na mvua inakuletea wewe."

Ruthu aliendelea kung'oa bila kuinua uso. "Na mimi nilivyokuwa nakusifia usafi kwa watu," akasema.

Hamida angependa atukanwe. Alirudi nyumbani analia, akachukua jembe, akaziba mdomo wa mfereji kwa tuta la udongo na viroba vya mchanga. Gerson alipita akamwonya kwamba maji yatakosa njia, yatamrudia mwenyewe. Alimjibu kwamba anajua, na kwamba oili yake yeye aanze kuikinga kwenye pipa.

Yakamrudia kweli. Mvua ya siku ya pili yake ilijaza uwanja wote maji meusi, yenye mafuta juu, mpaka kwenye ngazi ya baraza. Majirani walipita wakishangaa. Mikono ilimwasha Hamida kutaka kuyafungulia. Pigo moja tu la jembe na uwanja ungekuwa msafi. Aliikalia mikono yake barazani.

Ruthu alitokea mvua ikiwa imekatika. Akasimama pembeni, akalitazama tuta, akayatazama maji.

"Usiende Chemba," Hamida akamwambia. "Panda tena. Haya nitakaa nayo mimi."

Ruthu alivua kandambili, akapandisha gauni, akayakanyaga yale maji meusi mpaka barazani, akaketi.