Wimbo Uliokwama Mstari wa Tatu

Kosa langu la kwanza nilipoanza kufundisha klabu ya filimbi lilikuwa maneno mawili: rudi mwanzo. Mtoto akikosea sauti moja, nilisimamisha kila mtu na kuurudisha wimbo ulikoanzia. Nilifanya hivyo muhula mzima, bila kupaza sauti na bila kumkaripia mtu yeyote, na labda ndiyo sababu nilichelewa kuona kwamba ni kosa. Nilidhani huo ndio uangalifu.

Shule yenyewe ni ya Kikristo, nje kidogo ya mji wa Machakos, mahali ambapo vilima huanza kupanda taratibu nyuma ya mabweni. Ijumaa masomo yakiisha, watoto hugawanyika katika klabu zao kama maji yanayotafuta njia. Wa kandanda hukimbilia uwanjani, skauti huenda kwenye kivuli cha miti ya migrevilea, wa mashindano ya Biblia huingia maktaba na kuanza kuulizana majina ya wafalme. Sisi wa filimbi tulipewa darasa la mwisho, linalopakana na ofisi ya mwalimu mkuu. Saa hiyo jua huingia dirishani likiwa limelala, vumbi la chaki huelea ndani yake bila haraka, na kila kitu huonekana kana kwamba kimeshawahi kutokea.

Sikusomea muziki mahali popote. Nilijifunza filimbi Kyumbi, kwenye kibanda cha matunda cha shangazi yangu karibu na njia panda, kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Magari yakisimama, nauza machungwa. Yakiondoka, napuliza. Kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuniambia kwamba inatosha, sikuwahi kujua ni lini inatosha. Nilirudia mstari mmoja hadi shangazi akaniambia, "Wewe kijana, hata machungwa yamechoka na huo wimbo. Angalia, yameanza kunyauka."

Nilicheka, kisha nikaurudia.

Mwalimu mkuu ni mama mrefu anayeongea polepole, kana kwamba anasoma kila neno kabla ya kulitoa. Siku aliyonikubali aliniambia masharti yake tukiwa tumesimama mlangoni pa ofisi.

"Nakupa muhula mmoja. Siku ya kufunga shule, kwa ibada, watoto wako wapige wimbo mbele ya wazazi. Wakiweza, klabu inabaki. Wasipoweza, hiyo saa nawarudishia watu wa kompyuta."

"Wimbo mmoja tu, mwalimu?"

"Mmoja. Lakini uishe."

Niliona sharti hilo ni jepesi. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya kuogopesha, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniachia kitu cha watoto wa watu. Nilichagua wimbo wa sifa ambao makanisa mengi ya hapa huimba, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, wenye mistari minne na kiitikio. Mstari wa kwanza umetulia. Wa pili unapanda. Wa tatu unashuka hadi sauti ya chini kabisa, ile inayotaka matundu yote ya filimbi yazibwe sawasawa. Kidole kimoja kikiachia hata upenyo mdogo, filimbi hulia kama kifaranga kilichokanyagwa.

Kulikuwa na msichana wa gredi ya nne, mdogo kuliko sweta yake. Kifaranga kililia kwake zaidi ya kwa wengine.

"Ticha, niko na kidole fupi," aliniambia, akinionyesha kidole chake cha mwisho.

"Kidole chako kiko sawa. Kitulize tu. Haya, rudi mwanzo."

Watoto zaidi ya kumi walivuta pumzi pamoja na wimbo ukaanza tena, laini, umetulia, ukapanda, ukashuka, ukalia. Nje, wavulana wa kandanda walikuja kuchota maji kwenye tangi na kuchungulia dirishani.

"Ticha! Hiyo filimbi itaita nyoka!"

"Nyoka alishakuja," mwingine akamjibu. "Amesikia mwanzo mara nyingi, akaenda zake."

Hata watoto wangu walicheka, wakiwa wameziweka filimbi zao midomoni, na kicheko kikatoka kama upepo kwenye mabati. Nami nilitabasamu, lakini masikio yalinichoma. Niliwaambia warudi mwanzo, ingawa safari hiyo hakuna aliyekuwa amekosea.

Lazima niseme jinsi ule mstari wa kwanza ulivyokuwa mzuri. Kwa kuupiga mara nyingi hivyo, watoto waliufahamu kama njia ya kwenda kwao. Waliupiga wakiwa wamefumba macho, mabega yao yakiinuka na kushuka kwa pamoja. Kuna jioni nilisahau mimi ni nani katika chumba kile. Sauti ilijaa hadi kwenye kona za dari, jua likawa rangi ya chai, na nikahisi kama niko ndani ya kitu kikubwa kinachopumua. Halafu mstari wa tatu ukafika.

Mchana mmoja nilisinzia kibandani, kichwa juu ya gunia la machungwa. Nikaota watoto wanapanda kilima kwa mstari mmoja wakipuliza. Kila aliyejikwaa, kilima kilijikunja polepole kama mkeka na kuwateremsha wote chini. Hawakulia wala kulalamika. Walipangusa magoti wakaanza kupanda tena. Mimi nilikuwa juu kileleni nikiwangoja, na mkeka ulikuwa mikononi mwangu.

Ijumaa iliyofuata yule msichana alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitoka.

"Ticha, kwani huu wimbo unaisha aje?"

"Si unaujua? Mnauimba kanisani."

"Naujua kwa mdomo. Kwa filimbi siujui."

"Tutafika."

"Lini?"

"Mkipiga mstari wa tatu vizuri."

Aliinua filimbi yake, akaifumbia jicho moja na kunitazama kupitia tundu la chini, kama mtu anayechungulia nyumba isiyo na watu.

"Basi hatufiki," akasema, bila ubaya wowote, akaenda kutafuta begi lake.

Nilipaswa kumsikiliza. Siku ya kufunga shule ilikuwa imekaribia, na watoto wangu hawakuwa wamewahi kuushika mstari wa nne wala kiitikio. Ijumaa ya mwisho niliapa moyoni kwamba leo tutapita, kilie kisilie. Walianza vizuri. Kifaranga kikalia. Nikasikia mdomo wangu ukisema wenyewe, kwa upole uleule, rudi mwanzo. Saa ikaisha tukiwa bado kwenye mstari wa tatu.

Ibada ya kufunga shule ilifanyika kwenye ukumbi. Wazazi walijaa kwenye viti vya plastiki, na nyuma kidogo walikaa akina nyanya, leso zao mabegani. Harufu ya pilau ilikuwa ikitoka jikoni na kuzunguka miguuni mwa watu. Skauti walipiga saluti zao. Wa Biblia walitaja wafalme bila kukwama hata kwa mmoja. Kisha watoto wangu wakatembea mbele wakiwa na filimbi nyeupe, wakajipanga, na mimi nikasimama pembeni karibu na ukuta.

Mstari wa kwanza ulitoka kama vile darasani. Niliona watu wakiacha simu zao. Mstari wa pili ukapanda hadi kwenye mabati. Wa tatu ukashuka, ukashuka, na kifaranga kikalia.

Watoto wote wakanyamaza kwa pamoja. Wakavuta pumzi. Na bila mtu yeyote kuwaambia, wakarudi mwanzo.

Nilielewa wakati huo kile nilichokuwa nimefundisha muhula wote. Hawakuwa wamejifunza wimbo. Walikuwa wamejifunza kurudi. Walishuka tena hadi mstari wa tatu, kifaranga kikalia tena, wakanyamaza tena, nyuso zao zikiwa tulivu kabisa kwa sababu walikuwa wakifanya kila kitu nilichotaka. Mwalimu mkuu, kwenye kiti cha mbele, aliinamisha macho na kutazama mikono yake. Nilifikiria watu wa kompyuta. Nilifikiria njia ya nyuma ya jikoni, ambayo mtu anaweza kuipita bila kuonekana.

Wakarudi mwanzo mara ya tatu, na hapo nyanya mmoja akasimama.

Alikuwa susu wa yule msichana wangu, susu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Katika makanisa yetu mwimbishaji akiurudia mwanzo wa wimbo, huwa anawaita watu. Anawapa nafasi ya kuinuka, kuweka leso vizuri, kuja mbele. Kurudia mara mbili ni kuwangoja waliochelewa. Mara tatu ni kuwauliza, kwani mmelala? Susu yule hakusikia kosa. Alisikia mwito, na akaona haya kwamba watoto wameita hivyo na watu wazima wamekaa tu.

Akaanza kuimba kwa Kikamba, sauti yake ikiwa na mikwaruzo, huku akipita katikati ya viti. Wa pili akainuka, na wa tatu. Ukumbi mzima ukasimama kwa kelele ya plastiki. Mstari wa tatu ulipofika, nilijua kifaranga kimelia mahali fulani, lakini hakuna aliyekisikia, na kwa kuwa hakuna aliyekisikia, hakuna mtoto aliyekatiza. Wimbo ukavuka. Nikauona ukivuka. Watoto walifungua macho, wakatazamana, na vidole vyao vikaanza kutafuta mstari wa nne kama watu wanaopapasa ukuta wakitafuta mlango. Wengine waliupata. Wengine walipata kitu kilicho karibu nao. Kiitikio kilipokuja, kila mtoto alikuwa na kiitikio chake, na vigelegele vilivifunika vyote.

Susu alifika mbele na kumfuta mjukuu wake jasho usoni kwa ncha ya leso, kama tunavyomtunza mtu anayeimba vizuri. Msichana aliendelea kupuliza, leso ikipita juu ya macho yake. Wimbo ukaisha. Ulikaa hewani muda mrefu, kisha watu wakacheka na kupiga makofi.

Baadaye, watu wakila, susu alinijia na sahani yake.

"Mwalimu, umewafunza kuita watu. Watoto wa siku hizi huimba kama wanaosoma. Hawa wameita."

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi alivyokuwa na furaha, nikasema tu, "Asante, susu."

Lakini mwalimu mkuu nilimwambia. Nilimfuata hadi mlangoni pa ofisi yake, palepale tulipokuwa tumesimama mwanzoni.

"Mwalimu, ile haikuwa mpango. Sikuwahi kuwafundisha mwisho."

"Najua," akasema, akitafuta ufunguo. "Nimekaa upande huu wa ukuta muhula mzima. Mstari wa kwanza hata mimi naweza kuupiga sasa. Kiitikio sijawahi kukisikia hadi leo."

"Basi hatukutimiza sharti."

Aliingiza ufunguo mlangoni, akilisoma neno lake kabla ya kulitoa.

"Nilisema uishe. Si umeisha? Muhula ukifunguliwa, njoo Ijumaa ya kwanza. Na tafadhali, anzia kwingine."

Bado naogopa sauti ya kifaranga. Ikilia, mgongo wangu hukakamaa. Lakini siku hizi nafundisha kila wimbo kuanzia kiitikio, na mtoto akikosea, tunaendelea.