Pini ya Kilemba

Shangazi yangu ni fundi wa injini ndogo, na haanzi na kabureta hata umbembeleze vipi. Anaanza na swali: "Ilizima kwa kukohoa au ilisinzia?" Juzi mkulima mmoja alileta pampu ya maji. Miche yake ya nyanya ilikuwa inanyauka, na fundi mwingine alishamwambia akaiuze kama chuma chakavu. "Ilisinzia, mama." Shangazi akaiwasha, ikanguruma kidogo, ikafifia, ikazima. Mimi tayari nimeshika bisibisi, nakimbilia kabureta. "Tulia wewe, mikono inakuwasha?" Akanusa vidole vyake, kama kawaida yake, akalegeza kifuniko cha tangi. Fyuu, hewa ikaingia. "Tangi limebanwa pumzi. Mafuta yatashukaje?" Akachomoa pini kwenye kilemba, akazibua kitundu cha hewa cha kifuniko kilichojaa udongo, akaifuta pini na kuirudisha palepale. Ndiyo maana kilemba chake kinanuka petroli hata harusini.

Pampu ikawaka, na safari hii haikusinzia. Mkulima akaisikiliza weee, mpaka mabega yakamshuka, halafu akaniinamia sikioni: "Huyu mama ni nani yako?" Nikajibu kwa sauti ya kuizidi pampu, mtaa mzima usikie: "Shangazi yangu huyo."