Pampu ya Marehemu Kondo

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele huko hapana pa kuchekea. Haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kisarawe, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Maji niliyachota kwa mkono huu huu unaouona. Asiyetaka kuamini na aache, simlazimishi mtu, ila asinikatize.

Mimi ni Mzaramo. Mume wangu Ramadhani alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, dereva wa lori. Unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa matusi asubuhi, matusi jioni, na mapenzi yetu yalikuwa humo humo. Yeye aliniita Mzaramo, mimi nikimwita Mnyamwezi. Majina tuliyopewa na wazazi tuliyaacha kwa kadhi siku ya ndoa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kondo, Mzaramo mwenzangu, jirani yetu, naye dereva vile vile. Wote wawili waliendesha malori ya aina moja, yale ya jeshi yaliyouzwa vita vilipokwisha, wakibeba kuni na mihogo mikavu. Basi Kondo akashikwa na homa kali. Siku zile watu waliamini kwamba mwenye homa hapewi maji baridi, yatamwua. Kondo akalilia maji usiku kucha. Mkewe, Bi Tatu, kila akinyanyua kata wazee walimshika mkono. Alfajiri akafa, midomo imempasuka. Mimi nilikuwapo, na sauti ile ya kuomba maji bado ninayo sikioni.

Sasa, kwetu mtani ana kazi yake msibani. Anaitania maiti, anawachekesha wafiwa wasife kwa uchungu, na ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu. Lakini kitu hicho si chake, nisikilize vizuri. Anakaa nacho tu mpaka siku ya kuondoa tanga, wafiwa wamletee kuku, wakikomboe. Kikishakombolewa, marehemu naye amefunguliwa njia, anakwenda zake. Ndivyo tulivyolelewa.

Wengine hunyakua kofia, au jembe. Mume wangu akachukua spana. Jeneza linatoka mlangoni, yeye yuko juu ya lori la Kondo, boneti wazi, anafungua pampu ya maji. Akaiinua watu wote waione, akasema, "Mmemnyima maji usiku kucha, Wazaramo nyie. Basi na haya ya gari nayachukua mimi." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Tatu mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana utani ule ulikuwa na kweli nyingi mno ndani yake.

Tanga halijaondolewa bado, pampu ya lori letu ikafa. Beringi imekwisha, maji yanavuja, rejeta inachemka kila akipanda kilima. Akaenda Dar es Salaam kwa Mhindi wa vipuri, akaambiwa ya aina ile hakuna, mpaka iagizwe, meli ije. Na kule Kwala mihogo ya watu imeshatiwa kwenye magunia, iko uwanjani inamngoja yeye, na mvua zinanukia. Unaona mwenyewe akili ya mwanamume itakwenda wapi.

Nikamkuta ameiweka ile pampu ya Kondo juu ya mkeka, anaifuta kwa kitambaa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Safari moja tu, Mzaramo. Nikirudi naifungua, naipangusa, na siku ya tanga namkabidhi Bi Tatu mikononi." Nikamkumbusha kwamba kitu cha utani hakitumiwi kabla hakijakombolewa. Kofia ya marehemu haivaliwi, jembe lake halilimi. Akanijibu kwamba hayo ni ya kofia na majembe. Pampu wazee hawakuijua, kwa hiyo hawakuikataza. Eti! Na hebu niambie, ungemjibu nini mtu kama huyo? Nikaenda kumshikia spana.

Kazi aliifanya pale pale uani, chini ya mkorosho, baada ya alasiri. Alimwaga maji ya rejeta kwenye karai, akalegeza mkanda wa feni, akafungua pampu mbovu, na kila bolti aliyoitoa mimi naiweka kwenye sinia, zisipotee mchangani. Hakuwa na gasketi ya kuziba maungio maji yasivuje. Akachukua karatasi ngumu ya boksi la sabuni, akaigandamiza mdomoni mwa pampu na kuigonga kwa nyundo polepole mpaka alama ikatoka, akaikata kwa kisu changu cha jikoni, akaipaka grisi. Alikuwa fundi, Mungu amrehemu. Pampu ya Kondo ikakaa mahali pake bila kusumbua. Alikuwa anakaza bolti za mwisho niliposikia hodi upande wa jikoni. Jua lilikuwa linazama.

Nikazunguka nyumba. Amesimama mwanamume, kajitanda shuka jeupe mpaka usoni kama mtu mwenye homa, mkononi ana debe. "Shemeji," akaniambia, "naomba maji ya gari."

Wewe hujui mambo ya zamani. Dereva akiomba maji ya gari hanyimwi, hata kama mtungi umebaki nusu, hata kama humjui. Kesho mumeo atakwama kwa watu. Nikamwuliza gari lake liko wapi, akanyoosha mkono tu kuelekea barabarani. Basi nikachota, nikamimina. Nikachota tena, nikamimina. Mtungi ukaisha, nikauvuta wa pili. Debe lenyewe ni hili la mafuta ya taa tunalolijua sote, na mimi namimina na kumimina, na sisikii maji yakipanda. Nikainama kutazama kama limetoboka. Mchanga chini yake ulikuwa mkavu kabisa.

Hapo ndipo harufu ikanifikia. Kafuri. Ile tunayowapaka maiti tukishawaosha. Niliijua, maana niliisaga mwenyewe msibani kwa Kondo.

Nikaiangusha kata. Naye hakufanya lolote la kunidhuru, nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Alisema taratibu, kwa sauti ile ile ya usiku wa homa, "Bado hayajanifika, shemeji. Mwambie mtani wangu anirudishie maji yangu." Nilipofumba macho na kuyafumbua hakuwapo. Mitungi yangu miwili ilikuwa mitupu.

Nikamkimbilia mume wangu, nikamweleza yote. Akacheka, lakini kicheko hakikutoka tumboni. Nikamshika mkono, nikamsihi aifungue pampu wakati ule ule. Akasema akiifungua gasketi itachanika, giza limeingia, na kesho mapema lazima atoke. Safari moja tu. Halafu akaniomba maji ya kunywa. Nikamwambia hakuna, mgeni kayamaliza. Akaenda kwa jirani akanywa, akarudi, akaenda tena. Nilimhesabia mpaka nikaacha. Mtu aliyekuwa akinywa kikombe kimoja na chakula sasa anakunywa kama ng'ombe, na bado analamba midomo.

Nilijua kilichobaki ni kimoja tu, Bi Tatu aikomboe pampu kabla lori halijaondoka. Kulipoanza kupambazuka nikaenda kumgongea. Bi Tatu hakuniuliza maswali mengi, mwanamke yule. Alipita bandani, akakamata mtetea wake, akamfunga miguu, tukatoka wote. Tulipofika kwangu lori halipo. Tukaona alama za matairi yake mchangani tu. Tukakimbia mpaka njia panda, wanawake wawili na kuku, kanga zinatudondoka, tukasikia mlio wake mbali upande wa Kwala, kisha hatukuusikia tena. Bi Tatu akakaa barabarani akalia. Mimi sikulia wakati ule. Nilikuwa nimekasirika, nisikufiche, nilimkasirikia yule Mnyamwezi kwa ubishi wake.

Yaliyotokea njiani nilielezwa na utingo wake, mtu mzima, mwenye watoto, si mtu wa kutunga. Anasema Ramadhani alisimama kila palipokuwa na maji. Alikunywa kisimani, alikunywa kwenye dimbwi la ng'ombe. Karibu na Kwala hapakuwa na maji tena. Akazima gari, akafungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu, mvuke ukamchoma, akanywa yale maji ya kutu yakichemka. Utingo alimvuta, akashindwa, akakimbilia kijijini kuita watu. Waliporudi, mume wangu yuko kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani, amekufa, midomo imempasuka. Na rejeta aliyoinywa mpaka ikakauka ilikuwa imejaa hadi juu, na maji yake yalikuwa baridi.

Walimleta nyumbani na lori lile lile. Ndugu yake Bi Tatu akaifungua pampu siku hiyo hiyo. Mdogo wake mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya reli pale Pugu, akampokea yule mtetea kwa niaba ya mtani, na pampu ikarudi kwa wenyewe. Kondo akakombolewa. Tangu siku ile hakuna aliyemwona tena.

Lakini wa kwangu? Mnyamwezi akifa, Wazaramo ndio watani wake. Wao ndio wa kumtania, wa kuzuia jeneza, wa kunyakua kofia yake. Kisarawe imejaa Wazaramo, na siku ile hakufungua mtu mdomo. Waliogopa. Walibeba kimya, wakazika kimya, wakarudi wakinawa mikono haraka. Mimi Mzaramo ndani ya nyumba ndiye mjane, nimeketishwa eda, kinywa cha mjane si cha utani. Mume wangu alizikwa bila mtani, yeye aliyewachekesha wote.

Eda ikaisha. Jioni ya kwanza nilipotoka uani, jua linazama, nikasikia hodi upande wa jikoni. "Mzaramo, naomba maji."

Sikuhitaji kutazama uso. Debe lilikuwa lile la lori lake, lenye mpini niliousuka mwenyewe kwa vipande vya kanga yangu ya zamani. Nikamimina mtungi mzima, halikujaa. Akaondoka nalo. Kesho yake akaja, na kesho kutwa. Nikawafuata wazee wa Kizaramo, nikawaomba waje kaburini wamtanie walau kidogo. Walinipa pole, wakanipa na sababu, hakuna aliyekuja. Nikawa nachota maji kutwa nzima kwa ajili ya jioni. Nilikonda. Watu wakaniambia nihame, na mimi nihamie wapi nimwache mume wangu na kiu?

Jioni moja nilikuwa nimechoka mno. Nilimimina kata ya kwanza, nikasikia hasira zile za njia panda zinanipanda, na maneno yakanitoka kama zamani. Nikamwambia, "Mnyamwezi wewe! Babu zako walibeba pembe za watu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, hawakulia maji. Wewe umepewa lori, umeshindwa kufika Kwala?"

Akacheka. Kicheko chake chenyewe, cha tumboni. Nami nikaendelea, nalia na kutukana, nikamtukana na ukoo wake wote, na huku namimina, na masikio yangu yakasikia maji yanapanda ndani ya debe. Yakafika juu. Yakamwagika, mchanga ukalowa, miguu yangu ikalowa. Nikamvua kofia kichwani, nikainyakua, maana ilikuwa haki yangu. Ilikuwa baridi, inanuka kafuri. Akalinyanyua debe, akasema, "Ahsante, Mzaramo," akaenda zake kuelekea barabarani. Asubuhi nilipoamka kofia haikuwa chini ya mto nilipoiweka. Hata hivyo nilimwita shemeji yangu kutoka Pugu, akaleta kuku wa kuikomboa, tukamchinja.

Basi na wewe unayenisikiliza, kama una watani, watanie. Ila ulichonyakua msibani kiweke, kiwe kofia, kiwe pampu, kiwe mtambo ambao wazee hawakuwahi kuuona, usikitumie mpaka kikombolewe. Na mtani wako akifa kifo cha kutisha, usikae kimya kwa woga. Nenda ukamtukane, hata kama sauti inatetemeka, maana hana mwingine wa kumfungulia njia.

Mimi sijaogopa magharibi tangu siku ile. Debe langu nalijaza kila jioni, naliweka upande wa jikoni, nimelisukia mpini wa kanga kama ule wa lile alilokwenda nalo. Najua alishakwenda, nilimfungua mwenyewe kwa kinywa changu. Lakini nalijaza, na kila asubuhi nalikuta limejaa vile vile, namwagia mkorosho.