Sukari Iliyoliwa na Maji ya Mtungi Wetu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo mjini Shinyanga. Bosi wangu, mama mmoja aliyekuwa ametoka masomoni, alitaka kujua bakteria wa maji ya kunywa hula sukari kwa kasi gani. Akaniambia nilete maji ya nyumbani. Nilileta ya mtungi wa mama yangu kwa majivuno, maana yalikuwa meupe, ya baridi, na kila mgeni aliyasifia.

Tuliwaotesha wale bakteria mpaka wakawa wengi, tukawagawa kwenye chupa mbili. Moja tuliichemsha ili wafe. Ilipopoa, tukatia sukari kiasi kilekile kote kuwili. Kila nusu saa nilichota kidogo, nikazungusha kwenye mashine hadi bakteria watuame, kisha maji ya juu nikayachanganya na dawa ya bluu na kuyapasha moto. Sukari ikiwemo, dawa hugeuka nyekundu kama tofali; isipokuwemo, hubaki bluu.

Chupa ya wafu ilitoa wekundu uleule kutwa nzima. Ya wazima ilianza nyekundu, ikawa njano, ikawa kijani. Saa nane mchana, bluu ilibaki bluu. Nikarudia. Bluu.

"Hujakosea," bosi alisema huku akiandika. "Wameimaliza."

Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa kikombe kizima cha maji ya mtungi ule.

Jioni nilimsimulia mama. Siku hizo sukari tulikuwa tukiipangia foleni dukani na kurudi mikono mitupu. Aliacha kupepeta mtama.

"Wadudu wanapewa sukari?"

"Kidogo tu, mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma. "Tunapima."

"Na wamo humu?" Alionyesha mtungi.

"Wamo, wazima. Wakichemshwa wanakufa, nimeona mwenyewe."

Kisha mama akauliza taratibu, "Mdogo wako aliyekufa kwa kuhara, ni hawa?"

Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Kipimo chetu hakikuonyesha ni bakteria gani.

Mama aliyamwaga maji yote uani, akateleka sufuria ya maji mengine ayachemshe, ingawa kuni zilikuwa za shida. Wiki ile jirani alipokuja kuomba maji, nilimsikia mama akimweleza habari ya bluu na nyekundu, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja.