Usiseme "Bado" Ukifika Perugia

Mwanangu Moraa, ipo siku ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyobatizwa, nayo ni siku niliyobebwa na ngazi zinazotembea tumboni mwa mlima. Nilikuwa msichana wa rika lako, nimetoka Kisii na sweta ya kuazima, na kidato cha pili sikuwahi kukimaliza. Nakuandikia habari zake kwa sababu Jumapili nilikuaibisha mbele ya watu wote pale kanisani Lanham, huku ughaibuni tunakoishi, ukalia, na mama yako hadi leo hashiki simu yangu. Sikuandikii kuomba radhi. Nataka ujue kilichonifanya nipige kelele, kisha uamue mwenyewe.

Wewe unaenda Italia kusoma muhula mmoja. Mimi pia nilienda Italia kusoma, mji huo huo. Najua umeshtuka. Mama yako alikuwa bado mtoto wa kucheza mpira wa kati wakati huo, naye aliambiwa kama wengine kwamba dada yake alipelekwa Ulaya akashindwa na masomo kwa uvivu. Baba yetu alikufa akiamini hivyo. Hilo ndilo jambo lililonikaa kooni miaka yote hii, na mtu aliyeliweka hapo ana jina.

Anaitwa Perpetua Nyanchoka. Naandika jina lake lote kwa sababu nimechoka kusema "mtu fulani". Alikuja kwetu na koti refu la manyoya katika jua la mchana, akanunulia kwaya nzima soda, akamwambia baba: "Mzee, nipe huyu binti. Atasoma Kiitaliano, kisha uuguzi. Nitamlea kama damu yangu." Wahenga walisema akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Sisi tuliona lile koti tu.

Sasa nikueleze mji wenyewe, maana utauona. Perugia iko juu ya mlima. Kutoka kituo cha mabasi kule chini unapanda ngazi za umeme, zinakuingiza ndani ya ardhi, na humo ndani kuna mtaa mzima uliozikwa. Milango ipo, madirisha yapo, kuta za nyumba za watu wa kale zipo, na juu yake wamejenga mji mwingine. Nilishika ule mkono wa ngazi nikafumba macho. Nikasema moyoni, hawa watu wanaishi juu ya kaburi la nyumba zao wenyewe! Halafu ghafla nikatokea juu kwenye mwanga, upepo ukanipiga, na mbele yangu wanafunzi wanakula aiskrimu kama kwamba hakuna maajabu yoyote chini ya miguu yao.

Siku hizo za kwanza nilitembea mpaka soli zikafunguka mdomo. Asubuhi nilikuwa darasani na Wagiriki, Wakorea, na Mkongo mmoja mrefu, Faustin, ambaye Kiswahili chake kilinichekesha na changu kikamchekesha. Mchana nazunguka. Nilishtuka kuona kahawa inanywewa kwa kikombe cha kuchezea watoto, tena mtu amesimama, anaimeza kama dawa. Nilishtuka kuona wasichana na wavulana wamekaa kwenye ngazi za kanisa kuu wakivuta sigara, na padri anawapita akiwasalimu! Kwetu wangechapwa mpaka na wapita njia. Na waliniambia kwamba upande mmoja wa mji pana ukuta, ukisimama hapo unaona bonde lote na vilima mpaka miji mingine. Huo sikuuendea haraka. Niliuweka, kama mtoto anavyoweka nyama ya mwisho pembeni mwa sahani.

Ndipo Perpetua akaja kunichukua. "Vaa vizuri, twende tukawasalimu rafiki zangu." Tukafika kwenye nyumba yenye mlango mzito. Palikuwa na bwana mmoja, Renzo, mkewe, na mama yake Renzo, bibi mzee kwenye kiti cha magurudumu, jina lake Ines. Tukapewa keki. Nikatabasamu. Nyumbani tulifundishwa mtoto mwenye adabu ukweni na ugenini hutabasamu na kujibu upesi, si ndiyo?

Yule Renzo akanigeukia akasema kitu, nikasikia "bada, bada" na "nonna". Sikuelewa. Nikamtazama Perpetua. Akaniambia kwa Kiswahili, bila kupepesa jicho, "Anauliza kama umeshauzoea mji."

Nikajibu kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, nikijua atanitafsiria: "Bado!"

Wee! Wakapiga makofi. Mke wa Renzo akanibusu mashavu yote mawili. Nikadhani hawakunisikia vizuri, nikatikisa kichwa nikarudia, "Bado, bado!" Wakazidi kucheka kwa furaha, na Perpetua anafuta machozi ya kicheko. Akainuka, akasema anatoka kidogo. Nilipotazama ukumbini, begi langu lilikuwa limeegemea ukuta. Nililiacha asubuhi kwa Perpetua, chumbani nilikokuwa nalala. Nani alilileta? Mwanangu, nilisimama pale na keki mdomoni, haimezeki, haitemeki.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kumwosha Bibi Ines, kumlisha, kumgeuza. Darasa likanipita. Pasipoti alikuwa nayo Perpetua, "isije ikapotea". Mshahara sikuuona mimi, aliupokea yeye. Na kila nilipojaribu kumwambia Renzo "shule, shule", alinijibu kwa mshangao wa kweli: lakini wewe mwenyewe ulisema bado!

Alasiri moja nilikuwa nimemsukuma bibi mpaka uwanjani penye chemchemi, Faustin akatuona.

"Dada! Ulipoteaka wapi? Mwalimu anakuulizaka kila siku."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye lile neno, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ulisema 'bado'? Mama yangu! Dada, kwa hawa watu 'bado' ni kusema 'mimi ndiye nitamulinda'. Walikuuliza nani atamulinda 'nonna', huyu mama muzee. Weye mwenyewe ukajifunga na kinywa yako!"

Sikulia. Nilicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha. Neno nililonyonya na maziwa, neno la kusema jambo halijafika, ndilo lililonifungia mlango. Na Perpetua aliijua lugha ile na hii. Swali aliloniletea alilichagua kama mvuvi anavyochagua chambo. Renzo naye namtaja: hakujua Kiswahili, lakini macho alikuwa nayo. Aliona msichana analia jikoni akaona afadhali asiulize.

Bibi Ines akamvuta Faustin shati, akataka kuambiwa tunacheka nini. Akaambiwa. Akanikazia macho akaniuliza, na Faustin akanitafsiria: "Kwa nini unacheka kama huelewi? Siku ile pia ulikuwa unacheka. Nilikuona."

Nimekemewa na wengi, mwanangu, lakini hakuna kemeo lililoniingia kama hilo la bibi wa watu, kwenye kiti cha magurudumu.

Kesho yake bibi akagoma kula. Mwanawe akaja na kijiko, bibi akafunga mdomo. Mkwewe akaja na supu, bibi akaimwaga kwenye blanketi. Akasema hatakula mpaka Perpetua alete pasipoti ya huyu mtoto. Ikaletwa. Nikatoka kwenye ule mlango mzito mchana kweupe, lakini nafasi yangu darasani ilikuwa imekwisha na kibali kilikuwa kinaisha. Nikarudi Kisii. Habari za Perpetua zilikuwa zimetangulia: mvivu, kashindwa. Nimweleze nani? Kwamba neno moja lilinifunga? Hata mimi ningecheka.

Leo nakaa huku, mji wa Laurel, nawatunza wazee wa watu. Kazi hii niliiingia nikiwa naijua, nimekubali mwenyewe, na sioni aibu nayo. Asubuhi naendesha gari kwenye barabara kuu ya Beltway nikiomba, na Mungu ananisikia.

Sasa turudi Jumapili. Baada ya ibada, wewe umebeba sahani ya chapati, mgeni mmoja mwenye kofia ya zambarau akakusogelea. Walisema ametoka mji wa Falls Church. Mimi nilikuwa napakua pilau. Akakuuliza polepole, kama mtu anayeita kuku kwa mahindi: "Mami, umeshapata pa kukaa kule Perugia?"

Nawe ukamjibu kwa neno moja la Kiswahili ambalo nyinyi watoto wa huku mnalijua vizuri: "Bado, Auntie."

"Usijali. Nina watu wangu kule. Kuna mama mzee, utamsaidia tu kidogo."

Nawe ukatabasamu. "Aww, thank you, Auntie!"

Upawa ukaniponyoka. Ile sauti! Miaka yote hiyo, na chambo ni kile kile! Nikataja jina lake lote kwa nguvu mpaka watoto wakaacha kucheza. Mama mmoja akaniambia, "Mama Kerubo, punguza sauti, kuna wageni." Mwingine akakemea shetani, sijui alimkusudia nani. Perpetua akanitazama, akanitambua, akasema kwa upole wake ule ule, "Dada, hayo ni ya zamani, tusameheane, tuko kanisani." Nawe ukaniambia, "Auntie, please, you're embarrassing me."

Ndiyo, nilikuaibisha. Aibu ya chapati hupoa, mwanangu.

Basi sikiliza. Nenda Italia. Sikukatazi, anayekataza safari kwa sababu aliibiwa njiani naye ni mwizi. Lakini ulale palipopangwa na chuo chako, si kwa "watu wangu" wa mtu. Pasipoti yako ikae nawe hata kama anayeiomba anaimba kwaya. Mtu mmoja asiwe mdomo wako na masikio yako kwa wakati mmoja. Na ukiulizwa usichokielewa, usicheke, usiitikie, sema hujaelewa, useme tena na tena mpaka wachoke. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno la kwenu likifika ugenini hubadili nguo, na wewe hulitambui.

Mungu wa mama zetu akutangulie kwenye zile ngazi. Akupe ulimi wa kuuliza kabla ya mguu wa kuingia. Akurudishe na masomo yako mkononi, na asiwepo wa kusema ulishindwa. Na siku ukifika kwenye ule ukuta, simama sana, litazame bonde kwa macho yako na kwa yangu. Mimi, mwanangu, sijaliona. Bado.