Mtoto Aliyebaki Tumboni mwa Zimwi

Mimi ni mtu wa kujisifu, na lile gunia nilijisifu nalo wiki nzima. Nilikuwa nafundisha watoto wadogo hapa Kasongo. Kwa kukosa vitabu nilifumua gunia la unga, nikachora juu yake hadithi ya zimwi, picha baada ya picha. Mtoto anakula karanga za mbegu alizokatazwa na mama yake. Zimwi linakuja, linammeza yeye na kijiji kizima. Halafu bibi kizee analipasua tumbo, watu wanatoka wakiimba.

Ijumaa hiyo picha ya kutoka nilikuwa sijaichora, na kengele ikalia. Nikajiona mjanja: acha waogope kidogo, utii uwaingie.

"Mwisho tutauona Jumatatu," nikawaambia, nikakunja gunia.

Jumatatu mtoto mmoja wa kike hakuja. Saa sita, kabla sijachora ule mwisho, nilichukua gunia langu nikapanda baiskeli mpaka kwao. Mama yake, mwanamke wa Kabambare, alikuwa anasonga bugali.

"Madamu, tangu Ijumaa mutoto anakataa kula. Uji vijiko viwili, basi. Anasema alikula karanga yangu ya mbegu, njo maana zimwi limemumeza." Alinitazama usoni. "Kwenu hamujue? Hadithi haikatwe mutu akiwa mu tumbo."

Tunajua sana. Bibi yangu, hata mvua ikimfukuza katikati ya hadithi, aliimba kwanza mpaka watu watoke tumboni, ndipo akaokota mkeka wake. Mimi na masomo yangu nilisahau. Haya ilinishika mpaka masikioni.

Mtoto alikuwa amelala, midomo imempauka. Niliogopa kweli. Nilitandaza gunia, nikaokota kaa lililozimika jikoni, nikamchora bibi kizee na kisu chake. Nikaanza wimbo, mama akaitikia huku anasonga. Tumbo likafunguka. Nikamtoa mwenye jembe, nikamtoa mwenye mbuzi. Mtoto akainuka kwa kiwiko.

"Mimi niko wapi?"

"Huyu hapa. Unatoka."

Akasogea, akachungulia.

"Muguu moja ingali ndani."

Kweli, ulikuwa ndani. Niliufuta kwa kidole, nikauchora upya nje kabisa, kwenye majani. Aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, bugali imeiva?"

Mama alileta sahani mbio. Mtoto akamega tonge, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akala, akamega lingine. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Moyo ulinitulia, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Yeye hakuwa na habari na machozi yangu. Alikuwa anatafuna na kukagua gunia.

"Na hawa wengine, madamu," akasema, kinywa kimejaa, "toa na miguu yao."

Nikawatoa mmoja mmoja, mpaka kaa likaniishia mkononi.