Darubini Mbili na Kofia Yangu

Cheka ukitaka, wengi wameshacheka. Lakini haya yalinifika mie mwenyewe, hapa hapa Boko, zama za Mwingereza, jua la alasiri likinichoma kisogo. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Na kofia yenyewe ipo, ukibisha njoo nikuonyeshe.

Shida ilikuwa tumbili. Binti yetu Zuhura alikuwa aolewe baada ya mavuno, na mahindi ya shamba lile ndiyo yangelisha wageni. Tumbili wakayaanza yangali mabichi. Nilikuwa na bunduki ndogo yenye kibali, ile ya risasi nyembamba, ila macho yangu yalishaanza uzee. Nikilenga tumbili mmoja naona wawili, nikipiga nawakosa wote. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, wageni tutawalisha moshi wa baruti?" Iliniuma, jamani.

Basi nikaenda mjini kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya Wazungu waliorudi kwao. Alikuwa na darubini mbili za kufunga juu ya bunduki. Moja ndefu, nzito, inang'aa. Nyingine fupi, nyembamba, haina hata sura. Akaniruhusu nikazijaribu shambani, nami nikamwachia baiskeli yangu iwe dhamana. Nisikufiche, moyo wangu ulikuwa kwa ile ndefu. Nilishajiona nimeishika mbele ya wakwe wa Zuhura, wote wamenyamaza.

Nimekaa kwenye gogo pembeni mwa mahindi, ndefu iko jichoni, nikasikia, "We Mzaramo! Unawinda tumbili au unawinda mwezi?"

Nikageuka. Mzee mfupi, shuka begani, matamshi ya Kinyamwezi matupu. Nilifurahi! Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, matusi ndiyo salamu yetu. Shikamoo nikaiweka kando. "Mpagazi wee, mzigo wa watu umeutupa wapi?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Enhee! Siku nyingi sijatukanwa vizuri."

Akakaa, akanionyesha tumbili kwenye mkorosho wa karibu. Nikatazama kwa ile ndefu: ukungu mtupu. "Hiyo ni ya mbugani, ya kumlenga nyati kule mbali," akasema. "Risasi yako haifiki huko, sasa itakufaa nini? Hebu tikisa kichwa kidogo." Nikatikisa, na ule msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo ukamhama tumbili ukaenda kwenye tawi. Nikashika fupi. Lahaula! Tumbili nilimwona mpaka kope, na pembeni yake nikamwona mwenzake akivizia.

Tukaifunga ile fupi, tukairekebisha kwa kupiga papai bovu mpaka risasi ikatii. Tumbili waliporudi nikaangusha dume lao kubwa, wengine wakatimua mbio. Niamini, mahindi yalipona siku ile.

"Haya, nipe changu," mzee akasema. Kabla sijajibu akaninyang'anya kofia kichwani, akaivaa, akaondoka anacheka. Kofia yangu ya kudarizi, niliyokusudia kuivaa harusini! Lakini kitu akichukua mtani hukasiriki. Nikacheka nami. Alipofika mbali nikainua ile darubini ndefu nimwone anavyojishaua.

Wallahi, ndani ya kioo hapakuwa na mtu. Kofia ilikuwa inakwenda peke yake juu ya mahindi, inayumba kwa madaha. Nikaishusha darubini: mzee yupo, ananipungia mkono. Nikaiinua: kofia tupu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mie nilitoka mbio nimekumbatia darubini ndefu, bunduki nikaisahau kwenye gogo.

Mke wangu alinisikiliza, wala hakucheka. Shamba lile lilikuwa la baba yake. "Mlinzi wa shamba la baba alikuwa Mnyamwezi," akasema, "mlenga shabaha hodari. Kazikwa nyuma ya mkorosho. Siku ya maziko baba ndiye mtani, ndiye alitakiwa afanye vituko, amtukane marehemu, watu wacheke. Akashindwa. Alilia tu mpaka wakamtoa."

Asubuhi tulikwenda wote wawili, bunduki tukaikuta pale pale kwenye gogo. Kofia ilikuwa imevikwa kwenye kijiti cha kaburi. Machozi yakanilenga, kisha nikakumbuka kazi iliyonileta. "Mnyamwezi mwizi wee! Hata kufa umekufa kivivu, umelala kwenye shamba la wenyewe, hulimi wala hulipi kodi!" Mke wangu akaangua kicheko, na mahindi yote yakatikisika bila upepo.

Harusini watu walishiba wakabeba. Darubini ndefu niliirudisha kwa Mhindi, fupi ninayo. Kofia sikuthubutu kuichukua, imechakaa pale pale kwenye kijiti, na kila mavuno tunakwenda kumtukana mzee mwenyewe.

Basi nawe ukitaka darubini ya bunduki ndogo, chukua ndogo. Mtani akikuvua kofia, mwache aende zake, usimchungulie. Na siku mtani wako akifa, nakusihi, futa machozi umtukane kwanza. Utalia baadaye. Yeye anangoja.